Afande wa Jiko na Nusu ya Pili

Afande wa Jiko hakuwahi kuingia hotelini kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, kwenye magunia ya makaa na maganda ya viazi, akabisha mlango wa jikoni mara mbili, akasimama wima na kusema, "Naomba kuingia." Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, limechomekwa vizuri, na viatu vilimeremeta, jambo la kushangaza kwa mtu aliyetembea kwenye vumbi la Kasese saa saba mchana. Wapishi wageni walidhani ni mkaguzi wa afya, wakaanza kuficha sufuria. Wenyeji walimjua. Walifuta mikono, wakamsalimu, halafu mmoja akapaza sauti: "Baga moja! Afande amefika!"

Baga, ndiyo. Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Mzee mstaafu wa jeshi, sajini aliyepika posho na maharage kwa mamia ya askari, aliamua kwamba kazi yake ya uzeeni ni kutafuta baga nzuri. Wenzake walinunua ng'ombe, wengine wakajenga vyumba vya kupangisha. Yeye alizunguka mji wote wa Kasese, hoteli kwa hoteli, akaenda Muhokya, Kikorongo, na Bwera huku mpakani, na mara moja akaikagua Kampala yenyewe, akila mkate wa mviringo wenye nyama katikati. Nami nasema bila aibu: kama kuna mtu aliyetufundisha sisi wapishi wa upande huu kujiheshimu, ni yeye.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui. Kambini watu hawaulizani hayo. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa koplo kutoka Teso, mama alitoka Arua, na lugha yetu ya nyumbani ilikuwa Kiswahili hiki hiki cha amri na mzaha. Nilimjua Afande tangu mama alipokuwa akinituma jikoni kwake kuomba kaa la moto. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa Binti ya Koplo, na mpaka leo, na watoto wangu wanne, mimi ni Binti ya Koplo.

Kambini, kabla askari hawajala, afisa wa zamu lazima aonje. Analetewa sahani, na mpishi anasimama mbele yake, mikono ubavuni, macho mbele, mpaka afisa ameze. Afande alisimama hivyo kila siku ya utumishi wake. Alipostaafu ikawa zamu yake kukaa, na wapishi wa mji wakawa wa kusimama. Hakutaka mhudumu. Alimtaka mpishi mwenyewe atoke, aniani, kile chuma bapa cha kugeuzia nyama, ikiwa bado mkononi, asimame karibu na meza.

"Mutu anaogopa kusimama kando ya chakula yake," alisema, "huyo asinipikie."

Mwanzoni wapishi walinuna. Mzee gani huyu anatusimamisha kama wezi? Lakini baada ya muda wakaanza kuvaa aproni safi siku za katikati ya wiki, kwa sababu alipenda kuja Jumatano. Nilikuwa nikifanya kazi katika hoteli moja ya Kasese wakati huo, na haki ya Mungu, sijawahi kuona jiko la mji linafagiliwa hivyo bila kuja mgeni wa serikali. Kabla ya sufuria, kabla ya nyama, yeye alitazama kitambaa cha kufutia meza. Sufuria unaweza kusugua dakika ya mwisho, alisema, lakini kitambaa kinasema ukweli.

Sasa nieleze alivyokula, maana mambo yote yamo humo. Alikuwa na kisu chake kidogo, amekifunga kwenye leso nyeupe. Baga ikifika, kabla hajaonja, aliikata katikati. Alifumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisu kikashuka. Nusu mbili, sawasawa. Wahudumu walibishana ipi ni kubwa na hakuna aliyeshinda ubishi huo. Kisha akainua mkate wa juu, akachungulia, akaurudisha. "Mukate ya chini ndiyo inabeba muzigo," alisema. "Hii ya juu ni kofia tu." Basi akala nusu ya kwanza, kimya, polepole, macho kwa mpishi.

Baada ya hapo lilitokea moja kati ya mambo mawili. Siku nyingine aliendelea na nusu ya pili, akaimaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate hata usijue kama ilitumika. Siku nyingine aliweka kisu chini baada ya nusu ya kwanza, akauliza, "Karatasi iko?" Akaifunga nusu ya pili, akaitia kwenye mfuko wake wa kitambaa, akapiga saluti, akaondoka. Maoni hakutoa. Ukimuuliza, "Afande, imekuwaje?" alijibu, "Nimekula," basi.

Sisi wapishi tulijisomea wenyewe. Akimaliza, umeshinda. Akifunga, imemshinda, anapelekea mbwa. Nani angefikiri vingine?

Kuna hoteli moja ya watalii upande wa mbugani, sitaitaja. Walileta mpishi kutoka mbali, kofia yake ndefu, na baga yake ilikuja imesimama kama mnara, imechomwa kijiti juu yake. Afande alivaa tai siku hiyo. Yeye aliyesema hoteli kubwa zinauza viti, siyo chakula, alivaa tai! Alichomoa kile kijiti, akakitazama pande zote.

"Hii silaha ni ya nini?"

"Ni ya kushikilia, mzee. Isianguke."

"Kama inataka kuanguka, wewe ulijenga vibaya."

Kisha akala yote. Nusu ya kwanza, nusu ya pili, mpaka majani ya pembeni, na haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa. Yule mpishi alifurahi, akapiga picha sahani tupu. Sisi wa mjini tulikasirika wiki nzima. Kwamba Afande wetu amemtunuku mgeni!

Na pale Kikorongo, kwenye njia panda, kulikuwa na mama mmoja aliyewauzia madereva wa malori chapati. Hakuwa na hoteli; alikuwa na kibanda, meza mbili, na chuma cha kukaangia chapati. Dereva mmoja alimwonyesha picha ya baga kwenye simu, naye akajaribu. Nyama alikata kwa kisu mpaka ikawa laini, akatia kitunguu na chumvi ya Katwe, akaikandamiza kwenye chuma cha chapati. Afande alikula nusu. Akaomba karatasi. Yule mama alilipuka.

"Chakula yangu unapelekea mbwa? Mimi nimeamka saa kumi na moja kwa ajili ya mbwa yako?"

Madereva waliacha kutafuna. Afande akasimama wima, visigino pamoja, akampigia saluti ndefu kuliko zote nilizosikia habari zake. Mama akamrushia kitambaa. Afande akakiokota, akakitazama, akakirudisha mezani na kusema, "Kitambaa iko safi." Akapanda gari akaenda zake.

Alikuwa mtu wa ajabu, nisimpake rangi. Alihubiri utulivu jikoni lakini foleni ilimtoa jasho la hasira. Hakuvumilia mtu akipigapiga nyama kwa aniani, "Nyama imekufa tayari, unaiua ya nini tena?" Sosi nyingi aliichukia kuliko wezi: "Sosi mingi ni kuomba musamaha." Lakini kitunguu kilimliza kama mtoto, na katika maisha yake yote ya upishi hakupata dawa yake. Na nyumbani kwake Karusandara, kwenye shamba la mke wake, hakuruhusiwa hata kuchemsha maji. Mke alisema amepikia serikali, inatosha.

Safari ya Kampala ilikuwa ya karatasi za pensheni. Walimwambia rudi kesho, rudi keshokutwa, kama kawaida yao. Mtu mwingine angekaa kwenye benchi akilalamika. Yeye alitembea mji ule kwa miguu siku tatu, kilima kwa kilima, akila baga. Aliporudi tulimzunguka tukitaka habari. Kampala, Afande! Huko ndiko kwenyewe! Alifikiri, akasema, "Nimekula tisa. Moja nimefunga." Tukacheka sana. Tisa tamu, moja mbaya! Tukajiona wadogo, watu wa milimani tusiojua kitu.

Halafu zamu yangu.

Nilipoolewa Bwera niliacha kazi ya Kasese, nikafungua hoteli yangu, meza tano, karibu na barabara inayokwenda mpakani. Wateja ni mchanganyiko: wachuuzi, makarani, Wakongo wanaovuka siku ya soko. Baga ilikuwa fahari yangu. Afande alikuja mwaka ule ule wa kwanza. Alizunguka nyuma, akabisha mara mbili. Nilitoka nikasimama karibu na meza, mikono ubavuni. Alikata. Alikula nusu ya kwanza. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo, kwa macho ya upole ambayo sikuyaelewa, halafu akachukua nusu ya pili. Akamaliza yote. Akafuta sahani.

Jamani, nililia. Mbele ya wateja, nililia. Wiki ile nilimwita fundi wa maandishi, nikamwambia aandike ukutani, nje, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: BAGA YA HAPA AFANDE ALIMALIZA YOTE. Watu wa Bwera walisoma wakauliza Afande ni nani, nami nikawaeleza kila siku, mara tatu kwa siku. Wakongo, walioniita kwa jina la mtoto wangu, walikuwa wakinitania: "Mama Masika, ile baga ya mukubwa wa jeshi iko? Leta, tuone kama na siye tutamaliza." Wakamaliza. Wenye njaa humaliza. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: nyama yangu, iliyokuwa na mkate na viazi ndani tangu mwanzo ili ivimbe, nikaizidishia.

Ikapita miaka miwili. Nikasikia Afande goti linamsumbua, haendi tena mahali. Nikapanda gari mpaka Karusandara kumpa pole. Sikumkuta, alikuwa amepelekwa kliniki. Nilimkuta mke wake, anachambua maharage barazani. Mama mpole, wa maneno machache, ambaye kambini hatukuwahi kumwona akila mbele ya watu. Alisema mwenyewe: hawezi kutafuna huku watu asiowajua wanamtazama. Hotelini hajawahi kukaa.

Tulizungumza, nami kama kawaida yangu nikajisifu. "Mama, kwangu Afande alimaliza yote! Mpaka makombo!"

Akashika mdomo kwa kona ya kitenge.

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini, Mama?"

"Ile anamaliza ni ile mbaya."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Akaweka ungo chini, akaniambia taratibu, kama unavyomweleza mtu habari ya msiba.

"Askari hatupi chakula. Ikiwa mbaya, anakula yote, maana kutupa hawezi, na kuniletea mimi hawezi. Ile nzuri ndiyo anakata. Nusu yake, nusu yangu."

Akaniambia ilipoanzia. Afande alipokuwa nje ya nchi na jeshi, mpishi mmoja wa kigeni alimpa baga, ya kwanza maishani mwake. Aliila yote palepale. Aliporudi nyumbani, kabla hajavua viatu, alimwambia mke wake, "Mama, nimekula kitu nzuri peke yangu. Nimejisikia mwizi." Tangu siku hiyo alikata kwanza, ndipo akaonja. Ile moja ya Kampala ilifika Karusandara ngumu kama kiatu, baada ya kutwa nzima kwenye basi. Mama aliila yote. Na ile ya Kikorongo? "Ile," alisema, akafumba macho, "ile ilikuwa bado ina moto."

"Kwa nini hakutuambia?"

"Kwani mulimuuliza? Mulimuuliza imekuwaje. Hamukumuuliza anapeleka wapi."

"Na maandishi yangu? Ukutani?"

Mama alichukua tena ungo wake. "Aliyaona akiwa kwenye gari. Alifika hapa hakula. Akaniambia, yule Binti ya Koplo ameandika, na mimi nitamwambia nini?"

Njia nzima ya kurudi nilitamani gari lisifike. Muhokya ikapita, tukafika Kikorongo, na pale njia panda nilimwona yule mama wa chapati akiwa na kitambaa chake begani. Nilishuka. Nilimweleza. Alikaa kwenye jerikeni, akapiga makofi mara moja, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa mpaka madereva wakageuka. Nilimwonea wivu, sitaficha. Nilimwomba anionyeshe anavyokata nyama, akanionyesha bila kinyongo.

Ukuta nilipaka chokaa mwenyewe, asubuhi, watu wakiona. Walipouliza nikawaambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha nikaingia jikoni. Nyama nikaagiza kwa wafugaji wa Muhokya, nikaikata kwa kisu, bila viazi, bila mkate ndani. Mkate nikaoka mwenyewe, nikatupa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Sosi nikapunguza mpaka mteja mmoja Mkongo akauliza, "Mama, sosi imepanda bei?" Nikajibu sina kosa la kuombea musamaha. Na nikanunua karatasi ya kaki, safi, nikaikata, nikaikunja, nikaiweka kwenye droo peke yake. Yeyote aliyeigusa alinikoma. Ilikaa humo mwaka mzima na zaidi. Goti la mtu haliamrishwi.

Alikuja mwezi uliopita, siku ya soko. Nilisikia mlango wa nyuma: mara mbili. Alikuwa amekonda, ana fimbo, lakini shati limenyooka na viatu vinameremeta. "Naomba kuingia." Alitazama kitambaa. Alipita mbele, akatoka nje kidogo, akautazama ukuta mweupe, akarudi akakaa.

Nilipika. Mimi ninayepika baga sitini bila kufikiri, hiyo moja sikuiondolea macho. Nilileta mwenyewe, nikasimama. Mikono ubavuni, macho mbele. Alitoa kisu kwenye leso, akafumba jicho moja, akakata. Akainua mkate wa juu, akauweka. Akaanza kula.

Wakongo wawili kwenye meza ya pili walikuwa wanapiga kelele. Mmoja akamgusa mwenzake, wakageuka kutazama. Nilimwona Afande anatafuna, anameza, anatafuna. Nusu ya kwanza ikaisha. Mkono wake ukaenda kwenye sahani, ukaigusa nusu ya pili, ukakaa hapo. Nikasema moyoni, Mungu wangu, tena.

Mkono ukarudi. Akaweka kisu chini.

"Binti ya Koplo. Karatasi iko?"

"Iko, Afande!" Nilipiga kelele kama niko gwaride. Droo niliivuta mpaka ikatoka yote ikaanguka, vijiko vikamwagika sakafuni, nami nikaikamata karatasi yangu. Aliifunga nusu ya pili taratibu, akakunja kona zote nne kama shuka la kambini. Akasimama kwa fimbo yake, akaihamishia mkono wa kushoto, akanipigia saluti. Mimi ni raia, sikujua nifanye nini. Nilimrudishia.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, simu ililia. Ni Mama wa Karusandara, na nilisikia anacheka kabla hajasema.

"Mama Masika, karatasi imefika. Nimefungua. Kuna kitu sielewi. Miaka yote hii huyu mzee ananiletea nusu yangu imenyooka. Leo ina alama ya meno."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Afande, ya hasira na ya aibu, kwa nguvu kabisa: "Mwambie gari ilikaa sana Kikorongo!"

"Nyamaza, mwizi," mke wake akamwambia. Kisha kwangu, polepole: "Wasingya, mwanangu. Asante. Sasa ngoja, usikate simu. Naonja."

Nilikuwa peke yangu jikoni. Nikavua aproni chafu, nikavaa safi. Nikasimama wima, mkono mmoja ubavuni na mwingine umeshika simu, macho mbele, nikangoja ameze.